Nguo Isiyo na Alama

Watu wanadhani kazi ya dobi ni kupambana na uchafu. Uchafu ni kazi ya maji na sabuni. Kazi ya dobi ni kujua nguo ni ya nani. Mashati meupe yanayoingia kwetu kwa siku moja ni zaidi ya mia, yote yanafanana kama vifaranga, na kila mtu anataka lake, hataki la jirani. Kwa hiyo kabla sijaloweka chochote nashika kalamu ya wino usiofutika na kuandika namba ya mteja ndani ya kola. Suruali, kwenye mshono wa kiuno. Soksi, kwenye kisigino. Kila aliyewahi kufanya kazi chini yangu amelisikia neno hili mpaka akaliota: nguo isiyo na alama haina mwenyewe.

Nina miaka kumi na tisa katika chumba cha pasi. Chumba chenyewe hakina dirisha la maana, kina mabomba mawili ya mvuke na mashine ya kunyoosha mashuka yenye roli mbili nene kama magogo. Humo ndani wenzangu wanafanya kazi vifua wazi. Mimi navaa koti. Koti la kijivu, zito, lenye vifungo vitano, na vyote vitano nimevifunga. Ndiyo maana wananiita Makoti. Jina nililopewa na wazazi sijalisikia likiitwa kwa muda mrefu sana, na kusema kweli hata mimi siku hizi mtu akiita "Makoti" barabarani nageuka.

Sababu ya koti niiseme sasa hivi ili tusizungushane. Nina matiti. Sisemi kifua cha unene, maana mimi ni mwembamba, mbavu zangu unaweza kuzihesabu. Nina matiti mawili, yaliyoanza nikiwa na miaka kumi na minne, yakauma kidogo, yakakua, yakakaa. Muuguzi wa shule aliniambia wavulana wengi hupitia hilo na kwamba yatapotea yenyewe. Ya wenzangu yakapotea. Yangu yakanizoea. Niliwahi kuchumbia nikiwa kijana, binti mzuri, mcheshi, na wiki tatu kabla ya harusi nikavunja uchumba kwa kisingizio cha kazi. Hakunikosea lolote. Nilikuwa nimeifikiria tu ile dakika ya kuvua shati mbele yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo naichukia kwa sababu ni ya kweli.

Ndani ya koti kuna shati, na ndani ya shati kuna fulana ya kubana. Niliishona mwenyewe kwa mpira mpana na vipande viwili vya turubai laini. Ninazo mbili. Nazifua hapo hapo kazini, wenzangu wakiwa wametoka kula, na kuzianika katikati ya mashuka mawili, mtu asizione. Kila zinapochanika nazishona kwa uzi mwekundu wa duka, ule tunaotumia kurekebisha nguo za wateja, sikuona haja ya kujitafutia uzi mzuri. Na alama siweki. Nani ataandika namba kwenye aibu yake?

Sasa, siri ya mtungi aijuaye kata, na siri za mji aijuaye dobi. Najua nani analala na nguo za kazi. Najua nani ameanza kunywa tena. Alhamisi moja nilifungua furushi la mteja namba 112, ambalo huletwa na mkewe, mama mmoja mpole mwenye miwani. Mashati sita, suruali tatu, na katikati, imekunjwa ndogo kabisa, fulana ya kubana.

Nilikaa chini. Ilikuwa imetengenezwa kwa bendeji ya mpira iliyounganishwa na kipande cha kitambaa cha mkoba, mshono wa mtu asiyejua kushona. Kubwa kuliko yangu kidogo. Kwapani ilikuwa imelika kwa jasho mahali pale pale ambapo yangu hulika. Nilishika kalamu niandike 112. Nikaitazama ile kalamu. Nikairudisha mfukoni. Kama yule mtu alikuwa kama mimi, basi asingependa hata namba yake ikae pale.

Hivyo ndivyo nilivyovunja sheria yangu mwenyewe, kwa huruma, na huruma haina adabu ya kazi.

Kwa miezi saba nilimfulia kwa mkono, pamoja na za kwangu, kwenye ndoo moja. Nilinunua uzi mweupe kwa ajili yake tu, nikamrekebishia ule mshono wake wa kusikitisha. Nikifungua furushi la Alhamisi na kuiona, moyo ulikuwa unatulia. Sikujua sura yake wala sauti yake. Nilijua kwamba naye siku ya joto anapata shida. Cheka ukitaka, lakini huyo ndiye alikuwa rafiki yangu. Wengine sikuwa nao.

Halafu mashine ikanivuta.

Ilikuwa Alhamisi pia, zilibaki wiki tatu na ushee mwezi uishe. Nilikuwa nalisha shuka kwenye roli, mkono wa koti ukaingia pamoja na shuka. Nilisikia tu navutwa. Nikapiga kile kitufe chekundu kwa kiwiko, roli zikasimama, kitambaa kikabaki kimeumwa mpaka karibu na mkono wangu. Sikuumia. Tajiri wetu alishuka kutoka ofisini kwake akiwa amebadilika rangi, na alipohakikisha vidole vyangu vyote viko kumi, woga wake ukageuka hasira.

"Koti basi!" alisema. "Kuanzia tarehe moja kila mtu humu ndani anavaa fulana ya kazi. Nimeshaagiza, za bluu, zinashika mwili, hazina cha kunasa. Atakayekuja na koti arudi nalo nyumbani. Na hasa wewe, Makoti, unanisikia?"

"Nakusikia, bosi."

Karani alikuwa amekuja kuangalia kelele. Karani ndiye mama wa kaunta, ndiye anayepokea mizigo, anayeandika risiti, na anayetuandika sisi kwenye daftari la mahudhurio kila asubuhi. Ulimi wake haujawahi kulala. "Hatimaye!" alisema akipiga makofi. "Miaka yote hii tutaona Makoti ameficha nini. Labda ana mabawa huyu!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa asiyecheka ndiye anayetazamwa.

Jioni hiyo nilivaa fulana kavu kutoka kambani, nikafunga furushi la 112 haraka haraka, na mama mwenye miwani akalichukua. Nilipofika chumbani kwangu na kutaka kubadili, fulana niliyoivaa ikanilegea mbavuni. Nikaivua, nikaisogeza kwenye taa. Uzi mweupe. Nilikuwa nimebaki na ya kwake, na ya kwangu, yenye mishono myekundu ya duka kila upande, nimeiweka kwenye mashati yake nikaifunga kwa karatasi na kamba. Fulana mbili zisizo na alama. Ningekuwa nimemwona mtu mwingine amefanya kosa hilo ningemfukuza siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata kila mlango uliposukumwa nilichungulia kaunta. Alhamisi ikafika, mama mwenye miwani hakuja. Alhamisi ya pili hakuja. Nikajua: wamehamia kwa dobi mwingine, na huko wanasimulia. Nikaanza kuandika barua ya kuacha kazi. Niliiandika mara nne. Sentensi ya kwanza ilikuwa inakuja vizuri, "Naomba kuacha kazi", ila kwenye "kwa sababu" kalamu inasimama. Nina miaka arobaini na mitano. Kazi ninayoijua ni hii moja. Usiniulize ningekwenda wapi, hata mimi nilikuwa najiuliza.

Alhamisi ya tatu, wiki moja kabla ya tarehe moja, sauti ya Karani ikapasua mvuke.

"Makoti! Unaitwa huku! Mteja anakataa kunipa mzigo mimi, eti anamtaka yule fundi wa koti!"

Nilitoka nikijifuta uso. Mama mwenye miwani alikuwa amesimama na furushi lake la kawaida, na juu yake kitu kidogo kilichofungwa kwa karatasi yetu wenyewe ya kaki.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Baba watoto kasema hii nikupe wewe mkononi." Alizungumza taratibu, na Karani pale pembeni alikuwa ameacha kuandika kabisa. "Kasema si yake. Na ile yake usihangaike kuitafuta. Haihitaji tena."

"Anaendelea vizuri?" Sijui niliuliza nini.

"Anaendelea vizuri sana. Jana kakaa barazani na fulana nyepesi, mpaka jua likamchoma mabega." Akatabasamu, akanisukumia furushi, akaenda zake. Hakunitazama kifuani hata mara moja. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Nilikwenda kufungua nyuma, kwenye kamba za kuanikia. Kwanza furushi. Mashati mawili yalikuwa na madoa kwa mbele, madogo, ya kahawia, moja kushoto na moja kulia, yamelingana. Doa la dawa ya vidonda nalijua, halitoki kwa maji ya moto, ukilipeleka kwenye moto ndiyo unalipikia humo. Nilielewa. Amekatwa. Ameyatoa. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli nilifurahi, halafu furaha ikanigeukia. Ameondoka kaniacha. Tulikuwa wawili, sasa niko peke yangu.

Kisha nikafungua ile karatasi ya kaki. Fulana yangu ilikuwa imefuliwa, imekunjwa, na imepigwa pasi. Imepigwa vibaya, jamani! Mpira haupigwi pasi ya moto, hata mtoto anajua. Alikuwa ameuunguza ubavuni, alama ya ncha ya pasi imebaki ya manjano, na mikunjo imekaa upande upande kama barabara ya ng'ombe. Ndani kulikuwa na kikaratasi, mwandiko mkubwa wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni.

"Uzi mwekundu naujua, uko kwenye suruali zangu zote. Ule mweupe nadhani ni wako pia. Asante kwa miezi yote hiyo. Mimi nilivaa miaka ishirini na miwili. Hospitali kubwa, jengo la nyuma, chumba namba sita, Jumanne. Muulize yule daktari mwenye kigugumizi, hana haraka na mtu. Samahani kwa pasi, ndiyo mara yangu ya kwanza kuishika."

Nilisimama kati ya mashuka nikalia. Nimepiga pasi nguo za mji huu kwa miaka kumi na tisa, nguo za maharusi na za marehemu, na hakuna mtu aliyewahi kunipigia pasi hata kitambaa cha jasho. Nilikuwa sijajua kwamba hilo linauma.

Jumanne niliomba ruhusa, nikasema jino. Kwenye benchi la chumba namba sita tulikuwa wanaume watano, jua la saa nne limeshika bati, na wote watano tumevaa makoti. Mmoja, mnene mnene, alikuwa amepakata begi kifuani kama anavuka nalo mto. Nilitamani kusema neno. Nilitamani yeyote kati yetu aseme neno, hata la hali ya hewa. Tulisalimiana, kisha kila mtu akaangalia ukuta wake. Watu mnaugua ugonjwa mmoja, mmekaa bega kwa bega, na bado kila mmoja yuko nchi yake.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, ana kigugumizi kweli. Aliniambia nivue, akageuka akaosha mikono polepole kuliko inavyohitajika, mpaka nikamaliza vifungo vyote vitano. Akanipapasa kila upande, makwapani pia, akauliza dawa ninazotumia, pombe, kama kuna uvimbe mgumu, kama kuna majimaji, kama baba yangu alikuwa hivi. Sikujua kuhusu baba. Kwetu hatukuwa watu wa kuvuana mashati.

"Hi-hii ni tezi," alisema. "Si mafuta, na si kwamba wewe ni pu-pungufu ya mwanamume. Ni homoni zilizocheza ujanani, tezi ikakua, ikabaki. Tutapima damu, tutapiga picha tuwe na uhakika. Sioni cha kukutisha."

"Kuna dawa?"

"Mwanzoni dawa hu-huweza kusaidia. Yako ina miaka thelathini na moja, imekuwa ngumu. Dawa haitaifanya kitu. Ukitaka itoke, ni kisu. Kovu dogo kuzunguka chuchu, wiki kadhaa za kupumzika. Na si la-lazima. Wapo wanaokuja hapa, nawaeleza, wanarudi nyumbani nayo na wanaishi vizuri. Wewe unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilikuwa na jibu, kumbe lilikuwa limekaa mlangoni miaka yote likisubiri.

"Nataka kuvua koti."

Akatikisa kichwa, akavuta fomu. Tuliijaza vizuri mpaka tukafika karibu na mwisho. "Utapewa nusukaputi," alisema, "kwa hiyo hatukuruhusu kutoka peke yako. Nani atakuchukua? Ma-mama watoto?"

"Sina."

"Ndugu?"

"Dada yangu yuko mbali, safari ya siku mbili. Ana umri, na miguu yake haimwezi."

"Ra-rafiki basi."

Nikamfikiria 112. Nikafikiria kwamba rafiki yangu wa pekee duniani ni namba. Daktari alisubiri, na kweli hakuwa na haraka, na kadiri alivyosubiri ndivyo nilivyozidi kuona aibu kubwa kuliko ile ya kuvua shati. Mwisho akanirudishia fomu.

"Mtu mmoja tu," alisema. "Akitia sahihi hapa, vipimo vikiwa sawa, nakupangia tarehe. Bila jina ha-hapa sipangi."

Nilitembea mpaka nyumbani badala ya kupanda gari. Jumatano nilifanya kazi yangu, nikimtazama kila mtu kama mtu anayechagua viazi. Tajiri? Angenihurumia, na huruma ya tajiri inatangazwa. Wenzangu wa pasi? Wangecheka kwanza, wangesaidia baadaye, na mimi nisingevuka hapo katikati. Usiku sikulala. Barua ya kuacha kazi ilikuwa mfuko wa kulia wa koti, fomu ya hospitali mfuko wa kushoto.

Alhamisi, tarehe moja, nilifika kabla ya wote isipokuwa Karani, ambaye hufungua. Ndani ya koti nilivaa fulana ya bluu ya kazi, na ndani yake ile fulana yangu yenye alama ya pasi. Sikuwa na nyingine, ile ya pili ilikuwa majini na ya 112 ilinilegea. Lakini mpira ukishaungua haubani. Rafiki yangu kwa wema wake alikuwa ameniharibia ngao.

Karani alikuwa anapanga vitabu vya risiti. "Makoti na koti lake!" alianza. "Leo ndiyo leo, asemaye—"

Nilitia mkono mfukoni. Mpaka leo sijui ni kwa nini ulikuwa mkono wa kushoto. Labda ni kwa sababu ndiye mtu pekee anayenisubiri kila asubuhi, hata kama ni kwa ajili ya kunitania. Nikamwekea fomu juu ya kaunta.

Alivaa miwani. Karani husoma kwa midomo, kwa hiyo niliona kila neno likipita: kifua, tezi, pande zote mbili, upasuaji. Alipofika mwisho alirudi juu akaanza upya.

"Hii ndiyo sababu ya koti?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii? Kwenye mvuke ule?"

"Ndiyo."

"Na mimi kila siku, mabawa, mabawa." Alivua miwani, akaifuta kwa nguvu kama imemkosea. "Mjinga wewe! Si ungeniambia ninyamaze?"

"Ningekwambia unyamazie nini?"

Akachukua kalamu, si ya kawaida, ile ya wino usiofutika iliyokuwa karibu, akaandika jina lake kwenye ule mstari kwa herufi kubwa za alama za nguo, akatia sahihi. Wino ukapenya mpaka upande wa pili wa karatasi. "Wakikupangia, nitakuja. Nitakaa hapo nje mpaka watakapokutoa, na mtu asiniambie niende chai. Sasa lete hilo koti. Bosi akikukuta hapa na koti, tutaanza siku vibaya."

Nilifungua vifungo. Cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu vidole vikagoma, akageuka akajifanya anatafuta kitu kwenye droo mpaka nikamaliza. Hewa ya asubuhi ikanipiga kifuani. Nilisimama mbele ya kaunta na fulana ya bluu inayoshika mwili, na yaliyokuwa ya kuonekana yakaonekana. Aligeuka. Alinitazama usoni, kisha akatazama koti.

Akafungua kitabu cha risiti kama anavyofanya kwa mteja yeyote. Akaandika akisema kwa sauti: "Koti moja. Kijivu. Zito. Mkono mmoja umeliwa na mashine." Akakata, akanipa nusu, nusu akaibandika kwenye kola kwa pini. "Nguo isiyo na alama haina mwenyewe," alisema. "Si ndivyo unavyotupigia kelele?"

Niliitazama risiti ili nisimtazame yeye. Kwenye mstari wa mwenye nguo hakuandika Makoti. Aliandika jina langu, lote, na la baba yangu, bila kukosea hata herufi.

"Ulilijuaje?" nilimuuliza.

"Nimelijuaje!" Alisharudi kuwa Karani. "Kwenye daftari la mahudhurio anakuandika nani? Kila asubuhi naliandika mimi, miaka kumi na tisa. Haya, nenda kawashe pasi, mashuka ya hoteli yanasubiri."

Nikaikunja risiti, nikaiweka mfukoni, nikaenda kuwasha pasi.